Tupeane uzoefu: seva ilionekana nzima, kumbe haiko nzima

Mwanzisha uzi
Wakuu, heshima zenu. Naomba tukusanye hapa visa vya kweli vya seva na hifadhi ya data, hasa vile ambavyo kila ulipogusa palionyesha sawa lakini kazi imesimama. Orodha za amri za kukariri ziko tele. Leteni mlichokiona, mlichodhani, na kilichokuwepo kweli.

Naanza na changu. Usiku mmoja tovuti iligoma kupokea faili, ujumbe ukasema diski haina nafasi. Nikapiga df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski: imetumika asilimia 61. Nikaamini namba, nikaudharau ujumbe. Nikarestati huduma mara tatu, hakuna kilichobadilika. Saa mbili zikakatika hivyo, ndipo nikakumbuka df -i, inayohesabu inodi badala ya nafasi. Inodi zilikuwa zimeisha zote.

Kwa asiyeijua: inodi ni rekodi ambayo mfumo wa faili hutumia kulitambua kila faili, na kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux) kila faili hula inodi moja, hata liwe na herufi tano tu. Idadi ya inodi hupangwa siku unapofomati, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384 za diski, na baada ya hapo hubadilishi uwiano huo bila kufomati upya. Programu yetu ilikuwa inaacha faili la kikao kwa kila mgeni na hakuna aliyekuwa anayafuta. Nikaingia kwenye folda hiyo, ls ya kuorodhesha mafaili ikaganda. rm * ya kufuta yote ikakataa kwa kuwa majina yalizidi urefu ambao amri moja inaweza kubeba. Iliyoniokoa ni amri ya find pamoja na -delete, tena kwa mwendo wa kinyonga. Siku hizi naweka tahadhari kwa nafasi na kwa inodi, zote mbili.

Mchangiaji wa 2
Mkuu, yangu ni kinyume cha hiyo. Diski imejaa, nikakuta logi (faili la kumbukumbu za programu) moja ya GB 40, nikaipiga rm. Nafasi haikurudi hata kidogo. du, inayopima ukubwa wa folda, inasema folda ni ndogo, df inasema diski imejaa, nikahisi mfumo wa faili umeharibika. Nilikaribia kuizima seva niikague, wakati watu wanaitumia.

Kumbe rm huondoa jina tu. Kama kuna prosesi (programu inayoendelea kufanya kazi) bado imelifungua faili hilo, kerneli, yaani kiini cha mfumo, haiachii nafasi mpaka prosesi nayo iachie. lsof +L1 inakuonyesha nani ameshikilia. Nilirestati huduma moja, GB 40 zikarudi papo hapo. Sasa logi inayoandikwa siifuti, naipunguza kwa truncate -s 0, halafu naweka logrotate, inayozungusha na kufuta logi za zamani, ili nisirudi tena hapo.

Mchangiaji wa 3
Nilikuwa nasoma tu ila hiki lazima nikiseme, maana kiliniuma sana.

Skripti yangu ya bakapu ilikuwa inaandika kwenye /bakapu, ambapo diski ya pili ilitakiwa imauntiwe, yaani iunganishwe na folda hiyo. Siku moja seva ikajiwasha upya, diski ile haikumaunti, na folda tupu ikabaki pale pale kwa jina lile lile. Skripti haikuona tofauti. Kila asubuhi napata barua pepe: imefanikiwa. Na kweli ilikuwa inanakili, ila kwenye diski ile ile yenye data. Diski hiyo ilipokufa iliondoka na nakala zake zote. Kwenye ile ya pili nilikuta data ya miezi mitatu nyuma. Kazi ya watu ya miezi mitatu, nami ndiye niliyetakiwa kuwaambia.

Nilibadilisha mambo mawili. Skripti inaanza na mountpoint -q, inayokagua kama diski imemauntiwa, ikikuta hakuna diski inasimama na kunipigia kelele. Na folda yenyewe, kabla ya kumaunti, niliipa chattr +i, amri ya kuifunga isibadilishwe, ili hata root (msimamizi mkuu wa mfumo) asiweze kuandika ndani yake ikiwa tupu.

La tatu lilichukua muda kuliingia kichwani mwangu: kila mwezi narejesha bakapu kwenye mashine nyingine na kufungua data. Mnaikumbuka GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, tarehe 31 Januari 2017? Folda ya databezi ilifutwa kwenye seva isiyokusudiwa, na walipokimbilia bakapu zao za kila siku wakakuta hazikuwa zinatengenezwa, kwa sababu ya toleo lisilolingana la pg_dump, programu inayonakili databezi ya PostgreSQL. Barua pepe za kuonya nazo zilikuwa zinakataliwa njiani. Wakapoteza takribani saa 6 za data, na wakaeleza yote hadharani. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Mchangiaji wa 4
Naongezea kifupi. RAID 5, mpangilio wa diski kadhaa kufanya kazi kama moja, inavumilia diski moja tu kufa. Diski yangu ya pili ilikufa wakati data ya ile iliyokufa kwanza inajengwa upya, na zote nilizinunua siku moja. Tazameni namba ya 5 na ya 197 (sekta mbovu zilizobadilishwa na zinazotiliwa shaka) kwenye smartctl -A, amri ya kukagua afya ya diski. Zikianza kupanda, badilisheni mapema.

Mchangiaji wa 5
Mimi nilijifungia nje. Nikiwa mbali na seva niliweka fayawoli ikatae kila kitu kabla sijaruhusu lango la 22, ambalo SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) hutumia. Ikatii. Sasa kabla ya kugusa fayawoli naacha amri ya at, inayopanga kazi ifanyike baadaye, ya kurudisha hali ya zamani baada ya dakika 10. Nikifanikiwa kuingia kwa terminali ya pili, naifuta. Kwenye SSH napiga sshd -t kwanza, inayokagua mipangilio kama ni sahihi, na terminali ya kwanza siifungi.

Mchangiaji wa 6
Wakuu, mimi mgeni kwenye kazi hii, nina seva moja. Nimejaribu df -i baada ya kusoma post ya kwanza: asilimia 93. Nianze kufuta folda gani?

Mwanzisha uzi
Usifute kitu kwanza. Piga du --inodes -x / | sort -n | tail. Mstari wa mwisho ni jumla ya diski nzima, uache. Panda juu yake uone folda gani imebeba mzigo. Ukiipata, angalia ni programu gani inaandika humo na kama bado inayahitaji mafaili hayo. Weka jibu hapa tulitazame pamoja kabla hujagusa.