Jumba la picha la manispaa: nani anawajibika kwa picha tulizokabidhi?

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira. Miaka 14 iliyopita familia yetu ilikabidhi jumba la picha la manispaa masanduku matatu ya negativu (filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake) za marehemu baba, aliyekuwa mpiga picha wa studio, tukaahidiwa kwa mdomo kwamba zitatunzwa. Mwezi uliopita nilikwenda kuziona. Siku nne zilipita kabla hajapatikana mwenye ufunguo wa stoo, na sanduku la kwanza lilipofunguliwa tukapokewa na harufu kali ya siki. Anayezijua filamu za asetati, aina ya plastiki iliyotumika kutengenezea negativu kama hizi, anajua maana yake: filamu inaoza, na asidi inayotoka huharakisha kuoza kwa zile zilizo jirani, hasa penye joto na unyevu. Nyingine zilikwisha kujikunja. Juu ya bahasha moja mwandiko wa baba kwa penseli ulisomeka vizuri kabisa: "Harusi, safu ya nyuma." Ndani yake hapakuwa na kitu.

Nikaomba daftari la mapokezi, halipo. Hati ya makabidhiano nayo haipo. Msimamizi anasema stoo ni ya idara ya utamaduni, idara inasema jengo si lake, na bodi, ambayo ndiyo yenye dhamana kwa mujibu wa waraka ulioanzisha jumba, haijakutana tangu madiwani wapya walipoivunja ile ya zamani bila kuteua nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jumba hili halikuanzishwa na madiwani. Wapiga picha wenyewe ndio walioliomba jengo hilo lilipokuwa bohari bovu, wakalipaka rangi na kutundika picha zao. Ndivyo ilivyokuwa hata Toulouse, Ufaransa, ambako mwaka 1974 mpiga picha Jean Dieuzaide alishawishi mji umpe mnara wa zamani wa maji, Château d'Eau, uwe jumba la picha, na hadi leo unajulikana kwa kazi hiyo. Manispaa kumiliki jengo si tatizo. Tatizo ni kudhani kwamba picha za watu ni samani za ofisi, zinazohesabika au kusahaulika kulingana na nani yuko madarakani.

Nimewasilisha barua nikidai orodha ya vilivyomo stoo, mihtasari ya vikao vya bodi, na masanduku yetu yarudishwe. Nakala yenye mhuri wa mapokezi ninayo. Mliowahi kukabidhi picha pale, nendeni mkaombe kuziona wiki hii, na muombe mbele ya shahidi.