Ndege kozi mwenye pete miguuni, nisomeeni hizi namba

Mlinda_Paa: Wakuu, naombeni msaada. Nimemwona kozi juu ya paa, ana pete miguu yote miwili. Moja ni ya rangi, nyeusi juu kijani chini, imeandikwa N na 37. Nyingine ni ya bati, ina tarakimu 9. Je, namba hizi zinamtaja mmiliki? Nijibuni haraka, usingizi sipati.

Fundi_Darubini: Nyeusi na kijani huvalishwa makozi wa mashariki mwa Marekani, nyeusi na nyekundu ni wa majimbo ya kati. Ya rangi imewekwa isomeke kwa mbali. Ya alumini ndiyo kitambulisho chenyewe. Ripoti reportband.gov, utaambiwa alivalishwa lini na wapi. Aliyemvalisha si mmiliki.

Bibi_Mbuai: Herufi hizo zina visa. Niliwahi kukesha na darubini asubuhi 3, nikaripoti N. Kumbe ilichongwa ikiwa imelala, ni Z! Nikajibiwa kwa upole kwamba ndege wangu alishakufa zamani.

Mpita_Njia: Ndege ana kitambulisho, mimi changu nafuatilia mwaka wa pili 😂

Fundi_Darubini: Mkuu, kitu kimoja. Namba za alumini zinazunguka mguu. Watu hupiga picha kila upande ndipo waziunganishe. Wewe umezisomaje zote 9, yeye yuko juu ya paa?

Mlinda_Paa: Sawa. Yumo kwenye boksi, stoo. Leo siku ya 4. Aligonga kioo, bawa linaning'inia. Namlisha vizuri tu. Mlitaka nimwache afe? Na mmesema wenyewe hana mmiliki.

Bibi_Mbuai: Kukosa mmiliki hakumfanyi awe wako! Bawa likivunjika halingoji siku 4, mfupa utaunga vibaya. Mpeleke leo kwa wanaotibu ndege wa porini, wenye kibali.

Mpita_Njia: Mama, mpole kidogo. Mwenzio kaokoa roho.

Chumvi_Kidogo: Kabla hamjagombana, macho yake yana rangi gani?

Mlinda_Paa: Njano.

Chumvi_Kidogo: Basi hii chai. Kozi ana jicho jeusi tii. La njano utalikuta kwa mwewe wengine huko. Tunamtibu ndege ambaye hajazaliwa.

Mpita_Njia: Na tangawizi imo.

Mlinda_Paa: Njano ni ngozi inayozunguka jicho, jicho lenyewe jeusi! Ungeona kidole changu, kucha imepita hadi ndani ya glavu.

Chumvi_Kidogo: Picha.

Mlinda_Paa: Nikifungua boksi anajipigapiga, bawa litazidi.

Bibi_Mbuai: Picha waachie watakaompokea. Nijibu hili tu: ukilinganisha na ile 37, N imesimama au imelala?

Mlinda_Paa: Ngoja nimfunike taulo kichwani.

Mlinda_Paa: Imelala.