Mbuzi Hai Jukwaani: Kuna Haja?

MTOA HOJA: Msanii wa Dar anayetaka kuonyesha jinsi jamii inavyofundishwa utii, alete mbuzi wa kweli na kamba yake? Naona sawa. Msanii Mjerumani Joseph Beuys alikaa chumba kimoja na koyote, aina ya mbwa mwitu wa Amerika, New York mwaka 1974, na kazi ile inajadiliwa hadi leo. Mnyama haigizi, nguvu yake iko hapo.

DAKTARI WA MIFUGO: Tumzungumzie basi huyo mbuzi. Akiwa peke yake atalia mwanzo mwisho, maana ni mnyama wa kundi. Leteni wawili waliokua pamoja. Vigae vinatelezesha kwato, tandikeni mpira. Kitanzi cha shingoni hukaza akivuta, afungwe hatamu. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 39. Ukumbi wa Februari, taa zinawaka juu, feni hamna: akianza kuhema mdomo wazi, mtoeni hapo hapo. Wala msimshindishe njaa ili aifuate ndoo ya mahindi. Akiyabugia ghafla, tumbo linachachuka na anaweza kufa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo, jamani.

MTUNGA MAONYESHO: Dokta kamaliza upande wa mbuzi. Mimi nagombana na kamba. Kinachombadilisha mnyama wa porini kuwa wa kufugwa ni kuchagua nani azae. Kuanzia 1959, mwanasayansi Dmitri Belyaev kule Urusi hakuwafunza mbweha wake chochote, aliwazalisha wapole tu. Kufikia kizazi cha nne baadhi walitikisa mkia wakiona mtu. Huo ndio utawala wa kuonyesha! Kwa hiyo msanii aache mbuzi, awachuje watazamaji wenyewe. Watu 40, viti 20 karibu na feni. Toa agizo dogo kwa sauti ya kawaida: simameni, geukieni ukuta. Wepesi wa kutii wapate kiti na maji, wabishi warudi nyuma. Rudia mara nne. Ya tano usiseme kitu, inua mkono tu. Msanii akipaza sauti kaharibu, watu watacheka na itakuwa kwata. Mlango uachwe wazi.

MTOA HOJA: Lakini mbweha wale asili yao ni mashamba ya manyoya ya Kanada. Belyaev hakuanza na wa porini.

MTUNGA MAONYESHO: Kweli, na watazamaji wako je? Wote wamepita paredi ya shule.

DAKTARI WA MIFUGO: Hao wabishi wa nyuma nao wekeeni ndoo ya maji. Februari haichagui.