Tupeane uzoefu: kabati la kufichia choo cha paka ndani ya nyumba

Ndugu zangu wafugaji wa paka hapa Mombasa, wengi wetu tunaishi katika nyumba za ghorofa zisizo na ua, na beseni la mchanga wa paka hubaki sebuleni mbele ya macho ya wageni. Aliyejijengea kabati la kulificha, au aliyejengewa na fundi seremala, naomba aeleze alivyofanya.

Nitaanza na langu. Ni kiti kirefu cha plaiwudi ya milimita 18, chenye mto juu na kifuniko kinachoinuliwa, kwa sababu kabati lisilofunguka kwa urahisi halisafishwi. Tundu la kuingilia liko ubavuni, lina upana wa sentimita 20 hivi, na fundi alilipiga msasa ukingoni hadi likawa laini. Ndani kuna kizuizi kinachomfanya paka apite kwanza juu ya kipande cha mkeka kabla ya kutoka, na mchanga ulionasa nyayoni hudondoka hapo badala ya kusambaa sakafuni.

Mchangiaji wa Tudor
Ahsante kwa kuanzisha jambo hili. Nisisitize suala la mbao, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi. Mbao za unga ulioshindiliwa, zile zinazouzwa kwa bei nafuu zikiwa zimebandikwa karatasi ya kupendeza, hufura zikilowa, na mkojo wa paka ukishapenya harufu yake haitoki tena. Langu ni la plaiwudi iliyopakwa rangi ya mafuta ndani mara mbili, pamoja na kingo zote zilizokatwa, kwani hapo ndipo maji huingilia. Bawaba ni za shaba. Za chuma cha kawaida hushika kutu upesi.

Mchangiaji wa Mji wa Kale
Mimi nilitaka kitu kinachofanana na nyumba yenyewe, basi fundi akanitengenezea mfano wa kasha la kale, lenye misumari ya shaba usoni. Linapendeza mno, na wageni hulidhania sanduku la nguo. Hata hivyo, uzuri haufai kitu pasipo hewa. Mkojo ukikaa hutoa amonia, na paka, mwenye pua kali kuliko zetu, atalikimbia kasha lililofungwa kote, akajisaidie kwenye zulia. Kwa hiyo upande wa nyuma wote ni wavu wa fito nyembamba za mbao zilizopishana, ukielekea dirishani. Jambo jingine kwetu Waislamu: paka mwenyewe si najisi, lakini choo chake ni najisi, kwa hiyo kasha nimeliweka mbali na pale tunaposalia.

Mchangiaji wa Likoni
Shukrani, shekhe wangu. Naomba tumfikirie paka kabla ya fundi. Madaktari wa mifugo hushauri beseni liwe na urefu wa angalau mara moja na nusu ya mwili wa paka, kwa hiyo pimeni beseni kwanza, kisha ndipo mkate mbao. Paka wangu ni mzee na viungo vyake vimekaza, ndiyo sababu tundu lake limeshuka karibu na sakafu. Tulipolileta kabati tuliliacha wazi kwanza, tukafunga kifuniko baada ya yeye kulizoea.

Tena, kinyesi kizolewe kila siku hata kama hakionekani. Vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kuwamo huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, na kwa kuwa vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, mama mjamzito ni bora amwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Mwanzishaji wa mada
Nimefaidika sana, hasa na wavu wa nyuma, na fundi nitamwita aliwekee langu wavu kama huo. Je, mwenye paka wawili au zaidi amejengaje, ikiwa ushauri ni beseni moja kwa kila paka na moja la ziada? Nitashukuru mkitaja vipimo.