Apdeti imeipa laptopu yangu kwikwi, halafu naambiwa kosa ni uzee

Wakuu, mtanisamehe kwa uzi mrefu, yamenifika shingoni.

Nina laptopu ya mwaka 2012. Prosesa ya viini viwili, ramu GB 4, hadi diski ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika. Si mashine ya kuringia, lakini ilikuwa inapiga muziki kutwa bila kukohoa. Jumatatu usiku niliiacha ijipe apdeti, nikalala. Asubuhi nafungua wimbo ninaoujua kwa moyo, mwimbaji kageuka mwenye kigugumizi. Kila baada ya sekunde tano sita sauti inakatika, inatoa mkwaruzo kama msasa kwenye bati, kisha inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kwikwi tupu.

Nikawatafuta huduma kwa wateja. Aliyenijibu alikuwa na adabu zake, simlaumu, anasoma alichoandikiwa. Zima uwashe. Nimezima, nimewasha. Endesha kitatuzi cha matatizo ya sauti. Nikakiendesha, kikazungusha kiduara chake weee, mwisho kikaniambia hakuna tatizo lililobainika, na wakati huohuo wimbo unakatika palepale nyuma yake! Basi subiri siku mbili tatu, maana baada ya apdeti kubwa mfumo huwa unapanga mafaili yake upya. Hili nililikubali, lina ukweli wake, na kwenye diski ya kizamani kazi hiyo huchukua muda. Siku ya tatu taa ya diski ikatulia. Kwikwi haikutulia. Nikarudi kwao, nikapewa jibu la mwisho: kifaa chako ni cha zamani, fikiria kununua kipya.

Damu ikanichemka. Kwani Jumatatu mchana kilikuwa kipya?

Nikaamua kuhangaika mwenyewe. Nikazima yale yanayoitwa maboresho ya sauti, hakuna kitu. Nikahamisha sauti kutoka sampuli (vipande vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde kwenda 44,100, hakuna kitu. Nikafuta draiva ya sauti (programu inayouwezesha mfumo kukiendesha kifaa) na kuiweka upya mara mbili, nikapoteza Jumamosi nzima. Mpangilio wa umeme nikauweka kwenye utendaji wa juu ili prosesa isisinzie kila ikipata nafasi. Kwikwi zikapungua kidogo, lakini betri nayo ikawa inakwisha kabla sijageuka.

Kilichonipoteza siku zote hizo ni ile asilimia. Nafungua dirisha la kuangalia matumizi ya prosesa, naona 12. Najiambia, prosesa imekaa tu, basi kadi ya sauti imekufa. Kumbe sauti haina shida na nguvu, shida yake ni kuwahi. Kompyuta haimwagi sauti kwenye spika mfululizo kama maji ya bomba, inapeleka kwa mafungu kupitia bafa, yaani akiba ndogo ya muda kwenye kumbukumbu. Ukiwa na sampuli 48,000 kwa sekunde na fungu la sampuli 480, fungu hilo linaisha ndani ya milisekunde 10. Maana yake mara 100 kwa kila sekunde prosesa inatakiwa iache ilichoshika, ije ijaze fungu jingine. Ikichelewa hata mara moja, spika hazina cha kucheza, na hilo pengo ndilo unalolisikia. Kwa hiyo inaweza kuwa haina kazi karibu siku nzima na bado ikachelewa, kwa sababu kuna draiva moja imeing'ang'ania pale ilipohitajika na haitaki kuiachia.

Draiva ipi sasa? Nikachomeka hedifoni za USB, ambazo hazitumii kabisa kadi ya sauti ya ndani. Kwikwi ileile, mkwaruzo uleule. Hapo kadi ya sauti nikaiomba radhi.

Halafu usiku, karibu saa sita, nikiwa nimechoka na wimbo unakwaruza kwa chini, nikabonyeza kitufe cha kuzima Wai-fai ili nikalale. Wimbo ukanyooka. Nikasimama hapohapo na mkono kwenye kifuniko. Dakika moja, mbili, tano, haukatiki. Nikawasha Wai-fai, sekunde ya nne: kwikwi. Nikazima, safi. Nilirudia mara kumi kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Na wimbo wenyewe uko kwenye diski, hauhitaji intaneti hata chembe.

Kesho yake nikatafuta programu ya bure inayopima kila draiva inaishikilia prosesa kwa muda gani. Draiva ya Wai-fai ilikuwa inaishika hadi milisekunde 20 na ushee kwa mpigo mmoja. Rudini kwenye ile 10 niliyoitaja hapo juu. Nikaangalia tarehe ya draiva: si ile niliyokuwa nayo. Apdeti ilitoa ya mtengenezaji wa kadi ya Wai-fai, ikaweka yake, bila kuuliza, bila hata mstari mmoja wa kunitaarifu.

Nikaenda kwenye kitufe cha kurudisha draiva ya awali. Kimefifia, hakibonyezeki. Sawa, nirudishe mfumo mzima ulivyokuwa kabla. Samahani, muda wa kurudi nyuma ni siku 10. Nilikuwa siku ya 12! Siku zenyewe zimeliwa na "subiri mbili tatu" na kungoja majibu yao.

Kwa bahati nina tabia ya kutotupa kitu, kwenye flashi ya zamani nikakuta draiva ya mtengenezaji. Nikaiweka kwa mkono, Wai-fai ikiwaka, sauti ikarudi kama zamani. Siku tano za raha. Siku ya sita ikaja apdeti ndogo, ikairudisha ile draiva yao. Nimeondoa, imerudi. Nimeondoa tena, imerudi tena. Sasa hii kompyuta ni ya nani?

Najua mtaniambia niongeze bafa. Nimeongeza kwenye programu ya muziki, na kweli nyimbo zinavumilia, maana fungu kubwa linampa mchelewaji muda. Lakini kwenye simu za video haisaidii: kule sauti haiwezi kuwekewa akiba ndefu, mtu atakusikia umeshamaliza kuongea. Na simu za video ndiyo kazi yangu.

Na kwa wale wa "mashine imechoka": nimeiwasha kwa mfumo mwingine wa bure kutoka kwenye flashi, bila kuuweka ndani. Laptopu ileile, Wai-fai ileile inawaka, saa nzima ya muziki na video. Haikukatika hata mara moja.

Ninachoomba ni kimoja. Kuna mwenye njia ya kuuzuia mfumo usiguse draiva hii moja tu, huku apdeti za usalama zikiendelea kuingia? Sitaki kuzima apdeti zote, si mjinga kiasi hicho. Nimejaribu ile sehemu ya mipangilio inayosema usipakue draiva za vifaa, nimewasha upya, baada ya siku mbili imejirudisha yenyewe ilivyokuwa. Kama kuna aliyefanikiwa kuifunga ikafungika, anieleze hatua kwa hatua. Wa kununua mpya apite tu, ushauri huo ninao tayari.

Hapa naandika nikiwa nimezima Wai-fai na muziki unatiririka. Ngoja niiwashe nitume, mjue nimeshaanza kukatikiwa.