Bomba la jikoni limeganda, je, koki niifunge au niiache wazi?

Mama Pacha:
Ndugu zangu, naombeni msaada wa haraka. Usiku baridi ilifika nyuzi 12 chini ya sifuri. Alfajiri nimefungua maji jikoni nijaze birika, yakatoka matone mawili matatu, koki ikakohoa, kimya. Bafuni yanatoka vizuri. Nimeondoa vyombo vyote chini ya sinki nikapitisha mkono kwa nyuma: pale bomba linapopita ubavuni mwa ukuta wa nje lina utando mweupe, urefu kama shubiri mbili, na kwenye tundu linapoingilia upepo unapuliza vidoleni. Mwaka jana nililivisha sponji, lakini niliishia mkono ulipofika. Jirani ananiambia nilipitishie moto wa gesi. Nina watoto wanatambaa, naogopa.

Fundi Mstaafu:
Pole mwanangu. Moto wa gesi usithubutu. Ukuta unaweza kushika moto kwa ndani usijue, na maji yaliyonaswa katikati ya barafu yakigeuka mvuke, bomba linaweza kulipuka.

Koki iache wazi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, basi watu wanadhani bomba hupasukia pale pale penye barafu. Mara nyingi sivyo. Barafu ikikua inakuwa kizibo, inayasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa, nayo maji hayakubali kubinywa. Shinikizo linapanda mpaka penye udhaifu paachie, mara nyingi kwenye kiungio. Niliitwa nyumba moja, barafu iko chini ya sakafu, ufa tukaukuta juu nyuma ya sinki: mfupi kama ukucha, kingo zimebinukia nje. Koki ingekuwa wazi, maji yangepata pa kutokea.

Sasa tafuta kikausha nywele. Anzia upande wa koki, rudi nyuma polepole kuelekea barafu, ili kinachoyeyuka kipate njia ya kutoka. Pakaushe kwanza unaposimama. Na kabla ya yote mweke mtu karibu na koki kuu ya nyumba. Kama bomba limeshapasuka, hutajua mpaka barafu iachie, na hapo maji hayakusubiri.

Mpangaji wa Juu:
Dada, mimi niongezee ya usiku wa leo. Acha milango ya kabati wazi joto la chumba liingie (sabuni na dawa za usafi ziondoe, watoto hao!). Acha maji yachuruzike uzi mwembamba, ya baridi na ya moto pia, maana bomba la maji moto nalo huganda. Na hita usiizime. Mimi nilisafiri siku tatu, nikaizima kubana matumizi. Niliporudi dari ya chumba cha chini ilikuwa sakafuni, na nguo za marehemu mama zilikuwa humo. Tangu hapo nikiondoka naiacha angalau nyuzi 13.

Mama Pacha:
Pole sana dada kwa nguo za mama. Mzee wangu, limefunguka! Dakika kama arobaini. Kwanza lilitema vipande vya barafu, halafu maji yakaja. Nimepapasa viungio vyote kwa karatasi kavu, hakuna unyevu. Sponji naimalizia leo.

Fundi Mstaafu:
Alhamdulillahi. Lakini anza na lile tundu, uzibe upepo usipite. Sponji haitoi joto, inachelewesha baridi tu, na upepo ukiipuliza usiku kucha itashindwa. Mpira wa bustani bado umefungwa kwenye bomba la nje?

Mama Pacha:
Ndiyo, upo tangu kiangazi.

Fundi Mstaafu:
Uchomoe sasa hivi kabla hujarudi jikoni. Kama lina koki yake kwa ndani, ifunge, kisha fungua ile ya nje yamwagike yote, uiache hivyo hivyo wazi mpaka baridi iishe.