Kipato cha jua kali, baba mzee ana kisukari: bima ya afya ya SHA nchini Kenya yatosha?

Swali: Wadau, nilipe SHA tu au niweke na akiba?

Jibu 1: Vyote. Piga *147#, jisajili, kisha jaza maswali ya kupima kipato. Wengi huishia kujisajili, hawalipi, halafu wanashangaa hospitalini. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima: angalau 3,600. Tenga shilingi 70 kila wiki uifikishe.

Jibu 2: Na mzee hafunikwi na mchango wako! Wategemezi ni mke au mume na watoto. Ajisajili mwenyewe.

Akiba ni ya vijiti vya kupimia sukari ya damu: kupima mara mbili kwa siku ni vijiti 60 kwa mwezi, kopo la vijiti 50 halitoshi.